Wawindaji wa juu ya maji: shajara ya mradi wetu, kaskazini Pemba

Machi, masika hayajashika

Mradi umeanza. Klabu ya mazingira ya skuli yetu imeamua kuandikisha wadudu wawindaji wanaoishi juu ya maji katika bonde la mpunga lililo upande wetu wa msitu wa Ngezi. Tutayafuata maji yenyewe: yanapochipuka kwenye chemchem, yanapokuwa kijito, yanapotandaa katika majaruba, mpaka yanapoingia mikokoni na kuchanganyika na chumvi. Samaki, vyura na konokono tumewaacha kwa makusudi. Tunawataka wale wanaosimama juu ya maji bila ya kuzama na wanaoishi kwa kuua.

Hakuna mtu wa bonde hili ambaye hajawaona. Ukiinama kuchota maji wanatawanyika, ukitulia wanarudi. Wamezoeleka mno hata hawatazamwi tena, na katika kijiji kizima hakuna daftari linalosema wako wa aina gani, wanakaa wapi na wanakula nini. Bonde hilihili ndilo linalotupa mchele na ndilo linalotupa mbu. Wadudu hawa wanakula viluwiluwi vya mbu vinapopanda juu kuvuta hewa, na wanakula vidudu vya mpunga vinapodondoka majini. Kwangu mimi hiyo inatosha kuwa sababu ya kuwajua kwa undani.

Sheha ameridhia, na wenye majaruba pia, kwa sharti kwamba tupite kwenye kingo na tusikanyage miche. Mzee aliyetuonesha njia ya chemchem hakuhitaji kuelezwa sana. "Mwalimu, mnazi usio na majimoto hauna nazi," aliniambia, "sasa hao wa kwenye maji watashindwaje kuwa na kazi yao?" Ana haki. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, wana kazi yao. Katika miaka ya 1950 mtafiti Way alifanya kazi hapa Zanzibar akaonesha kwamba mdudu anayedunga nazi changa hukimbizwa na majimoto, na leo mdudu huyo anaitwa kwa jina lake, Pseudotheraptus wayi. Kwa hiyo habari ya mdudu kumlinda mkulima dhidi ya mdudu mwenzake ni ya hapahapa kwetu. Tunaishusha tu kutoka juu ya mnazi mpaka kwenye maji.

Vifaa ni chujio la chai lenye mpini mrefu, kipande cha chandarua kilichochakaa tulichokishonea kwenye duara la waya, lenzi ya mkono, simu yangu yenye uwezo wa kupiga video ya mwendo wa polepole, na beseni jeupe. Hilo beseni ndilo muhimu kupita vyote, na sababu yake nitaieleza tukifika kwenye vivuli.

Aprili, mvua

Kijito kimefurika na maji yamejaa udongo. Tumebaki darasani, na haikuwa hasara, maana kulikuwa na jambo la kulielewa kabla ya kurudi bondeni: wadudu hawa wanabebwa na nini?

Tulijaza maji bakuli, tukaweka juu yake kipande cha karatasi ya shashi, na juu ya karatasi tukalaza sindano ya kushonea. Karatasi ililowa, ikazama. Sindano ikabaki juu. Wanafunzi wa nyuma walipanda madawati ili waone chuma kimelala juu ya maji. Chembe za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe. Zile za juu kabisa hazina wenzao wa kuzivuta kutoka juu, hivyo huvutwa pembeni na chini, na uso wa maji unakakamaa. Hali hii huitwa mvutano wa uso wa maji. Ubao huelea kwa sababu ni mwepesi kuliko maji, lakini sindano ni nzito kuliko maji. Inaubonyeza uso wake, nao unakataa kupasuka.

Kisha msichana mmoja akachovya ncha ya kijiti kwenye sabuni ya unga iliyoyeyushwa, akagusa maji kwenye ukingo wa bakuli, mbali na sindano. Sindano ikazama papo hapo.

Darasa lilinyamaza, halafu mvulana wa mbele akauliza, "Mwalimu, na pale kijitoni wanapofulia?" Swali hilo halikuwamo katika mpango wetu. Sasa limo, na nadhani ndilo litakalotuongoza.

Mtembeamaji, yule mdudu wa miguu mirefu anayeteleza juu ya maji, ana kitu zaidi ya wepesi. Mwaka 2004 watafiti wawili wa China, Xuefeng Gao na Lei Jiang, walieleza katika jarida la Nature kwamba mguu wake umefunikwa na vinyweleo vidogo mno, kila kinyweleo kikiwa na mifereji midogo zaidi, na hewa inayonaswa humo inayazuia maji yasiushike mguu. Mguu mmoja unaweza kubeba kiasi cha mara 15 ya uzito wa mwili mzima kabla ya kuutoboa uso wa maji. Na anayo miguu sita.

Mei, chemchem na kijito

Jua limetoka, maji yamesafika, na kazi imekuwa tamu.

Wa kwanza kuandikwa ni wa familia ya Gerridae, watembeamaji wenyewe, ambao duniani wana spishi zaidi ya 700. Wa chemchem yetu ni wembamba, wa kiza mgongoni na weupe wa fedha tumboni. Miguu ya mbele ni mifupi na imekunjwa karibu na mdomo. Hiyo ni ya kukamatia. Ya kati ndiyo makasia, mirefu, inayopiga maji kwa pamoja. Ya nyuma inaburuzwa kidogo na ndiyo usukani. Tunutu zao, ambazo hujivua gamba mara tano kabla ya kuwa wadudu kamili, zinawinda tangu siku za mwanzo, ila windo lao ni dogo.

Sasa beseni. Ukimweka mtembeamaji kwenye beseni jeupe lenye maji ya vidole vitatu, uliweke juani, halafu usimtazame yeye. Tazama chini ya maji. Utaona vivuli vya mviringo, vikubwa kuliko miguu yenyewe kwa mbali, kila kimoja kikizungukwa na mzingo wa mwanga mkali. Kila mguu unaubonyeza uso wa maji ukafanya kidimbwi, na kidimbwi hicho kinaupinda mwanga wa jua ukaenda pembeni. Mdudu akisogeza uzito mguu mmoja, kivuli cha mguu ule kinanenepa. Wanafunzi waligundua wenyewe kwamba vivuli vya miguu ya kati na ya nyuma ndivyo vikubwa, na vya miguu ya mbele vinakuja na kuondoka. Kwa hivyo tuliona uzito umekaa wapi bila ya mizani.

Kuhusu mwendo, tulijiuliza swali ambalo wataalamu walijiuliza muda mrefu. Ilidhaniwa kwamba mdudu huyu hujisukuma kwa kutengeneza mawimbi madogo juu ya maji. Lakini tunutu wachanga wana miguu myepesi na ya polepole mno kutengeneza mawimbi hayo, nao wanakwenda vizuri tu. Mwaka 2003 David Hu, Brian Chan na John Bush wa chuo cha MIT, Marekani, walitia rangi majini wakaona kinachotendeka: kila pigo la miguu ya kati linaacha nyuma yake vizingo viwili vya maji vinavyojizungusha chini ya uso, vikisukumwa upande mmoja huku mdudu akienda upande wa pili. Simu yangu haioni vizingo. Ila kijitoni, asubuhi moja, kulikuwa na chavua ya maua imetanda juu ya maji, na kila mtembeamaji alipopiga kasia, chavua iliyokuwa nyuma yake ilijikunja mizunguko miwili na kusafiri kidogo kurudi nyuma. Wote tuliokuwapo tuliiona.

Uwindaji tuliuona kwa ukamilifu pale tawi la mkarafuu linapoinamia kijito. Majimoto wana kiota chao juu, na hudondoka. Mmoja alianguka chali akaanza kutapatapa. Watembeamaji watatu waliokuwa wametawanyika waligeuka kwa wakati mmoja, vichwa vikaelekea kwake, ingawa mmoja wao alikuwa nyuma ya jani na hangeweza kumwona. Aliyekuwa karibu aliruka mara mbili, akamshika kwa miguu ya mbele nyuma ya kichwa, upande ambao taya za majimoto hazifiki. Akashusha mdomo wake, ambao wakati wote hulala umekunjwa chini ya kifua, akautia kwenye maungio laini ya shingo. Miguu ya majimoto ikapunguza kasi, ikatulia. Mwindaji hatafuni. Anaingiza majimaji yanayoyeyusha nyama ya ndani, kisha anafyonza. Wenzake wawili walisogea, mmoja akajaribu kulivuta windo. Akapigwa teke na mguu wa kati, akaondoka. Mlo ulipokwisha lilibaki gamba zima la majimoto, tupu, likachukuliwa na maji. Tulilichota. Liko kwenye chupa ya skuli, na ukiliinua juani mwanga unapita.

Walijuaje? Uso wa maji ndio uliowapa habari. Miguuni mwao mna viungo vinavyohisi mtikisiko, na kwa tofauti ya wakati mtikisiko unapofika mguu huu na mguu ule wanajua uelekeo. Tulijaribu kwa jani la mchaichai: ukiligusisha maji likatetemeka kidogo, wanageuka; ukilipiga kwa nguvu, wanakimbia. Wanalitumia wimbi hilohilo kuzungumza. Mtafiti Wilcox wa Marekani alieleza mwaka 1979 kwamba madume wa Gerris remigis hutetemesha maji mara 80 hadi 90 kwa sekunde, na hiyo ndiyo alama ya kwamba mimi ni dume. Aliwaziba macho kwa vifuniko vidogo vya mpira ili ahakikishe hawaoni, kisha akabandika sumaku ndogo kwenye mguu wa jike na kuutetemesha kwa umeme. Jike aliyetoa mawimbi ya kiume, madume walimwacha. Wanafunzi wangu waliisikiliza habari ya vifuniko vya macho kuliko somo lolote nililowahi kuwafundisha.

Kwenye maji yaliyotulia pembeni mwa kijito tumeandika wengine wawili. Mmoja ni mwembamba wa kushangaza, kichwa kirefu kupita kiasi, anatembea taratibu juu ya maji hatua kwa hatua; huyo ni wa Hydrometridae. Tulimwona akisimama juu ya kiluwiluwi cha mbu kilichopanda kuvuta hewa, akakidunga kutoka juu na kukiinua. Wa pili ni mbawakavu weusi wanaong'aa, wa Gyrinidae, wanaozunguka kwa kundi bila ya kugongana. Jicho lao limegawika sehemu mbili, moja inatazama hewani na moja inatazama chini ya maji. Hao wengi wao hula wadudu walioanguka juu ya maji, na watoto wao huwinda chini.

Buibui mkubwa wa ukingoni tumemwandika ukurasa wa mwisho. Anawinda juu ya maji vilevile, ila ana miguu minane, si mdudu.

Juni, majarubani

Mpunga umefika magotini na maji yametulia baina ya mashina. Hapa watembeamaji wakubwa ni wachache. Wenyeji wa hapa ni wadogo sana, wa familia ya Veliidae, jenasi ya Microvelia, wenye urefu wa milimita mbili hivi, na bila ya lenzi utadhani ni vumbi linalotembea. Wanakaa kwenye maji yaliyofunikwa na kivuli cha mpunga, na kitu chochote laini kinachodondoka kutoka kwenye mashina wanakivamia kwa pamoja. Mmoja peke yake hawezi windo kubwa. Wengi wanaliweza.

Kwa wakulima wa Asia, hawa wadogo ni watu wakubwa. Huko kuna kidudu cha kahawia kinachofyonza shina la mpunga mpaka shamba zima linakauka. Kikitikisika kinaanguka majini, na Microvelia wanakula tunutu zake kwa wingi. Dawa za kupulizia zilipotumika kupita kiasi ziliwamaliza wawindaji hawa pamoja na buibui, na kidudu kikazidi badala ya kupungua. Indonesia iliona hasara hiyo kwa macho yake, na mwaka 1986 Rais Suharto akapiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga. Nimewasomea wakulima habari hii chini ya mwembe, na bibi mmoja mwenye jaruba la kwanza kutoka kijitoni akauliza swali la maana: "Na manjano ya mpunga, wanaiponya?"

Nilimjibu kwamba hawaiponyi. Ugonjwa wa virusi unaoufanya mpunga kuwa wa manjano, ambao uko Unguja na Pemba, unaenezwa na mbawakavu wanaotafuna majani, na hao hukaa juu ya jani, mbali na maji. Mwindaji wa maji hawafikii isipokuwa waanguke. Nataka wakulima waujue mpaka wa msaada huu, kwa sababu mtu akiahidiwa makubwa akakosa, ataacha hata yale madogo ya kweli.

Kuhusu mbu ninayo furaha zaidi ya kuandika. Alfajiri kwenye jaruba, tulimwona mbu akizaliwa. Buu alipanda juu, gamba likapasuka mgongoni, na mbu akaanza kujitoa taratibu, akisimama juu ya gamba lake tupu huku mbawa zikiwa bado zimelowa. Wakati huo hawezi kuruka. Microvelia wawili walifika kabla mguu wa mwisho haujatoka.

Juni mwishoni, pahala pa kufulia

Swali la mvulana wa mbele limepata siku yake.

Tulipita kijito kutoka chemchem kuteremka, tukasimama kila baada ya hatua chache na kuandika nani yuko. Juu ya pahala pa kufulia wapo: Gerridae, Gyrinidae, yule mwembamba pembeni. Kwenye mawe ya kufulia, maji yakiwa na povu, hakuna hata mmoja. Chini yake kidogo, povu limeshapotea na maji yanaonekana safi kabisa kwa macho, bado hakuna mmoja. Wanaanza kuonekana tena pale kijito cha pili kinapoingia na maji kuongezeka. Tulirudi siku isiyo ya kufua, na wachache walikuwa wamesogea kutoka juu.

Kwenye vidimbwi vilivyotulia pembeni mwa mawe, viluwiluwi vilikuwepo, na vingi. Mbu wa Culex anayaweza maji machafu. Mwindaji wake hayawezi, maana sabuni inamnyang'anya kitu anachosimamia.

Nilisita kulisema jambo hili kijijini, kwa sababu wanaofua ni mama zetu na hawana pahala pengine penye maji ya bure. Klabu ilichagua wasichana wawili ambao wenyewe hufua pale, wakachukua bakuli, sindano na sabuni, wakafanya jaribio mbele ya kina mama bila ya kueleza neno. Sindano ilipozama, bibi wa jaruba la kwanza alisema, "Kumbe ndivyo wanavyokwenda chini wale!" Akaongeza kwamba zamani walikuwa wakifua juu zaidi, kwenye majani, na maji ya sabuni yakinywewa na ardhi.

Wamekubaliana wenyewe. Maji yatachotwa kwa ndoo, kufua kutafanyika kwenye mawe yaliyo juu ya ukingo, na maji ya povu yatamwagwa migombani. Sisi tumesaidia kubeba mawe. Mzee mmoja alitukumbusha kwamba enzi zile maji yaliyotuama yalimwagiwa mafuta ili kuua mbu, na kweli mafuta yanaviziba viluwiluwi pumzi. Lakini yanamuua mwindaji pia. Ninaipenda zaidi njia iliyotumika Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, pale vyoo vya shimo vyenye maji vilipofunikwa kwa vipunje vinavyoelea vya plastiki nyepesi. Mbu hakupata pa kutagia, viluwiluwi havikupata hewa, na pamoja na dawa walizopewa watu, maambukizi ya matende yalishuka sana. Kule chooni hakuna mwindaji wa kupotea. Kijitoni yupo.

Julai, mikokoni

Kusi inavuma, tumesubiri maji mafu na asubuhi tulivu. Mvuvi ametuchukua kwa mtumbwi, akiwa na pondo badala ya kafi ili asitikise maji.

Nilitaka wanafunzi waone kitu kimoja tu. Duniani kuna aina za wadudu zinazokaribia milioni moja zilizopewa majina, na karibu wote wameshindwa na bahari. Walioiweza bahari ya kina ni jenasi moja ya watembeamaji, Halobates, iliyoelezwa mara ya kwanza na Eschscholtz mwaka 1822. Spishi tano zinaishi katikati ya bahari bila ya kuona nchi kavu. Nyingine zilizobaki, zaidi ya 40, hukaa karibu na pwani za joto, nyingi zikiwa mikokoni. Hawana mbawa kabisa, tangu tunutu mpaka uzeeni.

Baina ya mizizi ya mikoko, pale mkondo unapopinda, walikuwa wamejaa. Wafupi na wanene kuliko wale wa chemchem, rangi ya kijivu iliyopauka, na wepesi wa kutisha. Chujio letu halikufua dafu. Mvuvi alicheka: "Hao wala ndege hawapati kirahisi, mwalimu." Alituambia akivua usiku kwa taa huwaona wakikusanyika kwenye mwanga. Maji yalipoanza kupwa walisogea na mkondo, wakashikilia kivuli cha mizizi ileile, wakipiga kasia kuupinga mkondo ili wasitolewe nje. Tulikaa hapo mpaka mtumbwi ulipokaribia kukwama.

Wale wa bahari kuu hutaga mayai kwenye kitu chochote kinachoelea: unyoya, kipande cha jiwe jepesi la volkano, na siku hizi plastiki. Mwaka 2012 Miriam Goldstein na wenzake walieleza kwamba kaskazini mwa Pasifiki mayai ya Halobates sericeus yameongezeka pamoja na vipande vya plastiki. Mwanafunzi mmoja aliona hiyo ni habari njema kwa mdudu. Nilimwambia afikirie mayai ya samaki na viumbe wadogo wa juu ya maji, ambavyo ndivyo chakula chake, na nikamwacha afikirie.

Agosti, mavuno

Maji yametolewa majarubani na mpunga unavunwa. Klabu nzima imeingia kusaidia, kwa hiyo kazi ya daftari imekuwa ya jioni.

Jambo kubwa la mwezi huu ni mbawa. Ndani ya spishi moja ya watembeamaji wa maji baridi unaweza kukuta wenye mbawa ndefu, wenye fupi na wasio nazo. Penye maji ya kudumu, mbawa ni gharama isiyo na faida, na nguvu hiyo jike huipeleka kwenye mayai. Penye maji yanayokauka, asiye na mbawa anabaki hapohapo. Jaruba lilipokuwa likikauka tuliona Microvelia wakijikusanya kwenye nyayo za watu zilizobaki na maji, na wenye mbawa wakapungua siku hadi siku. Waliobaki mwisho wote hawakuwa na mbawa. Baadhi walijiingiza kwenye nyufa za udongo wenye unyevu.

Chemchem sasa imesongamana. Njaa ipo, na tumewaona wakubwa wakiwala tunutu wao wenyewe. Mwanafunzi mmoja mdogo alikasirika, akataka tuwatenge. Tumeviacha kama vilivyo na kuandika.

Pahala pa kufulia, habari ni nzuri. Chini ya mawe ya zamani Gerridae wamerudi, na wamo na tunutu, maana yake wanazaana hapo na si wapitaji. Gyrinidae bado. Kina mama wameomba jiwe moja kubwa zaidi la kusugulia, na wazee wameahidi kulileta kwa gari la ng'ombe.

Daftari nakala moja iko kwa sheha, moja skuli, moja kwa bibi wa jaruba la kwanza ambaye mjukuu wake anamsomea. Kazi ya vuli itakuwa kujua kama wa chemchem ndio wanaoteremka kujaza kijito baada ya kiangazi. Tutawatia tone la rangi ya kucha mgongoni, dogo, lisifike kwenye mbawa wala miguuni, na kuwatafuta tena mvua zitakaponyesha. Rangi imeshapatikana: nyeupe kwa wa chemchem, nyekundu kwa wa kijitoni. Aliye upande wa Ole, Kengeja au Makombeni na ana jaruba lenye maji mwaka mzima, tungependa kujua kama wake wana mbawa.